Jua la Mei, Maji ya Februari

Kuna siku moja ya mwezi wa Mei ambayo bado ninayo kichwani, Zuhura mwanangu, na tangu juzi uliponiambia kwamba Jumamosi mnakwenda ziwani kuogelea, imekataa kuniondoka. Nilikuuliza maji yakoje, ukanijibu, "Bibi, relax, it's going to be boiling." Wewe ulikuwa unazungumzia jua, kwamba litachoma. Mimi nilikuuliza maji. Toka hapo silali vizuri, na kwa kuwa kwenye simu huniitikia "yeah, yeah" huku unatazama kitu kingine, nimeona bora nikuandikie. Soma taratibu. Kiswahili unakijua, ni uvivu tu, na ukikwama muulize mama yako.

Nilikuwa msichana, sijakaa sana London, naishi Kingsbury kwa kaka yangu Khamis na mkewe, Bi Rukia. Ilikuwa Iddi, na jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza mwaka ule, jua la kweli, la kumfanya mtu avue koti bila kuambiwa. Watu wa kwetu tuliokuwa tukijuana tukapakia pilau, mikeka na machupa ya chai, tukaenda kwenye ziwa moja pembeni ya mji ambako watu waliruhusiwa kuogelea.

Khamis alikuwa muogeleaji, si mchezo. Kwetu Pemba alikuwa akiogelea huku anazungumza, kama mtu anayetembea barabarani. Sasa lifahamu vizuri kosa lake, kwa sababu ni kosa letu sisi watu wa pwani. Alisimama ukingoni akayakagua maji kama alivyofundishwa na wazee. Akatafuta mkondo, hakuna. Mawimbi, hakuna. Kujaa na kupwa, hakuna. Kila alichofundishwa kukiogopa hakikuwepo. Akamgeukia mkewe akacheka: "Haya maji ya kuogeshea watoto." Hakutia hata kidole. Kwetu nani anaipima bahari kwa kidole?

Akakimbia kwenye gati la mbao, akajitupa.

Alipoibuka alikuwa na sura nisiyopata kuiona tena. Mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka mbio mbio, na sauti haitoki. Bi Rukia alidhani ni mzaha, maana mumewe alikuwa mtu wa mizaha, akamwambia, "Acha vituko vyako, toka ule." Khamis akaanza kuyapiga maji kwa nguvu, anakuja upande wetu lakini hafiki. Mikono ikawa mizito. Na yale maji hayana chumvi, mwanangu, hayakubebi kama bahari. Kichwa kikazama, kikarudi. Nami nikabaki nimesimama na sahani mkononi.

Karibu na mikeka yetu walikaa Wapunjabi kutoka mtaa wa Southall. Baba yao, Mzee Harbans, alizaliwa Kisumu, na ziwa lile aliliogelea mwaka mzima, kiangazi na baridi. Nilimwona amefika kwenye gati na boya mkononi, akimwita kwa Kiswahili cha kwao: "Kijana, wacha kupigana na maji. Lala chali. Angalia juu, pumua pole pole." Nafikiri kilichomfikia Khamis ni kile Kiswahili. Kama angeambiwa kwa Kiingereza asingesikia neno. Akalala chali. Pumzi ikaanza kumrudi kidogo kidogo, Mzee Harbans akamrushia boya lenye kamba, na wanaume wakamvuta.

Alitoka anacheka kwa haya, anasema yuko sawa. Bi Rukia akataka tumkimbize nyumbani tukamtie kwenye maji ya moto. Mzee Harbans akakataa kabisa. Akatuagiza tumvue zile nguo mbichi, tumkaushe, tumvishe kavu, tumkalishe. Tulikuwa tunamwona mzee msumbufu mpaka kutetemeka kulipoanza. Khamis hakuweza kushika kikombe. Maneno yakamtoka mazito kama mlevi. Tukamfunika kanga zote, makoti yote, na buibui la mkewe, na mzee akamvika kofia yake ya sufu. Chai ya sukari tulimnywesha kidogo kidogo. Baridi inaendelea kumwingia mtu hata akishatoka majini. Hilo sisi hatukulijua.

Alipotulia, Mzee Harbans alikaa naye mkekani akamsema, bila kupaza sauti. "Uliangalia jua, hukuangalia maji. Maji ya hapa inafuata jua nyuma sana. Mwezi wa tano bado imeshika baridi ya Februari. Inakuwa nzuri mwezi wa nane, hata wa tisa, watu wakianza kuvaa sweta, halafu inashuka tena. Usiulize anga. Uliza maji." Akatuonyesha kibao langoni, wenye ziwa walikuwa wameandika asubuhi ile: digrii kumi na mbili. Tulikipita na pilau yetu bila kukitazama.

Kwa miaka mingi Khamis hakuizungumzia siku ile. Mwaka jana, tuko wawili sebuleni kwake, akaniambia ghafla: "Nilikuwa nakuita wewe. Nilikuona umesimama pale, nikakuita kwa jina, halikutoka." Hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa, mwanangu. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, naitwa, na sisikii kitu.

Sikukatazi kwenda. Una mabega ya babu yako Khamis na najua maji unayapenda. Lakini nenda mahali penye walinzi wa waogeleaji, usome kibao kwanza. Usijitupe. Shuka kwa ngazi, jimwagie maji shingoni na usoni, usubiri pumzi itulie ndipo uogelee, na usiende mbali na ukingo. Pumzi ikikukatika, lala chali, usipigane. Toka ungali na hamu ya kubaki, ujikaushe hapo hapo, uvae mpaka kofia, na hao wenzako wakikucheka waache wacheke. Tena pawe na mtu mkavu ukingoni anayekutazama wewe, asiyetazama simu, kwa sababu anayezama hapigi kelele.

Mtu huyo nitakuwa mimi. Mama yako atanileta Jumamosi, nitakaa pale kwenye gati na chupa ya chai na blanketi. Usinionee haya, sema ni bibi yako tu, mwoga. Ila nakuomba kitu kimoja: ukiwa majini niite, na ukikaa kidogo niite tena, hata kama huna la kuniambia. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu kifuani mwako, na akutoe katika kila maji sauti yako ikiwa ingalipo. Wewe niite tu. Safari hii nataka nisikie.