Muhogo Golini

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu kali inayokaa puani, na mimi nikiisikia tu, nafunga dirisha. Jirani yangu hapa Kindu, mashariki ya Kongo, huzima moto wake hivyo kila asubuhi. Hajui ananifanyia nini, na sijamwambia.

Tulipokuwa watoto, uwanja wa shule yetu ulichorwa kwa majivu, maana chokaa haikuwepo. Jumamosi asubuhi kila mtoto alileta kopo la majivu ya jikoni kwao, tukayalowesha ili upepo usiyachukue, kisha tukayamwaga kutoka kona hadi kona. Mistari yetu ilipinda vibaya, lakini msitucheke: aliyekuja mikono mitupu hakuruhusiwa hata kushangilia. Mimi nilifika na kopo kubwa kuliko wote, kwa ajili ya kaka yangu Amisi. Alicheza pembeni kushoto, na alipokimbia na mpira, hata wazee waliokuwa wanapita kwenda msikitini walisahau safari yao.

Vita vilipoingia mjini, wanajeshi nao wakawa mashabiki. Walisimama juu ya mstari wetu wakapiga makofi, na mechi ikiisha komanda wao aliwaita waliokimbia vizuri, akawapandisha lori. Tuliambiwa wanakwenda kuichezea timu ya kambi. Sisi watoto tuliwaonea wivu. Mtoto wa Mama Feza, jirani yetu, alipanda lori hilo akicheka, na tangu hapo mama yake alikwenda kila jioni kusimama kwenye njia ya kambi na sahani iliyofunikwa. Nilidhani anamwaibisha mwanawe.

Amisi alikuwa na uhakika kwamba Jumamosi inayofuata ni zamu yake. Aliifua jezi yake mapema, akaianika mahali ambapo mtaa mzima ungeiona.

Jumamosi haikufika. Asubuhi moja akina mama wa mtaa waliingia uwanjani na majembe, Mama yangu na Mama Feza wakiwa mbele. Waling'oa miti ya magoli, wakaanza kulima palepale golini na kuchomeka vijiti vya muhogo. Komanda alipokuja kuuliza nani amewaruhusu, Mama hakuacha kulima.

“Njaa njo imetuleta, komanda. Mashamba yetu iko mbali, na bunduki iko njiani. Batoto hawawezi kula mupira.”

Komanda alicheka, akaenda zake. Njaa ilikuwepo kweli. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haikuja tena, na tulilala na uji mwepesi unaoonyesha mpaka chini ya kikombe. Komanda aliamini. Nami niliamini.

Amisi alilia mbele ya watu wote. “Mama, umeniua,” alisema.

“Chukua jembe, baba, utusaidie,” Mama alimjibu.

Hakulichukua. Tangu siku ile alimjibu Mama kwa ndiyo na hapana tu, na njia zilipofunguka alikwenda Kampene kuchimba dhahabu. Mama aliwauliza wafanyabiashara waliotoka huko kama wamemwona. Alipofariki tulituma habari, na Amisi hakuja kumzika.

Kwenye matanga ndipo Mama Feza, ambaye mwanawe hajarudi mpaka leo, alinivuta kando. “Mama yako alikuja kwangu kuuliza kama mutoto wangu amerudi kutoka kambi,” alisema. “Nikamwambia hapana. Akasema: ‘Basi lete jembe.’”

Na mimi nilipaswa kuona. Kando ya ua wa shule kulikuwa na udongo mweusi laini, ambao mkulima yeyote angeukimbilia kwanza. Mama alizaliwa shambani, naye alianzia golini, mahali palipokanyagwa mpaka pakawa kama saruji. Vijiti vilipokauka alichomeka vingine, navyo vikakauka, na sisi watoto tukanong'onezana kwamba njaa imemharibu akili. Bila magoli hakuna mechi, na bila mechi komanda hakumjua Amisi katikati ya vijana wembamba wa mji huu, wala lori halikumpeleka vitani.

Kwa nini hakutuambia vita vilipokwisha? Komanda na watu wake hawakuondoka, walibadilisha nguo tu, na baadhi yao tunawaamkia sokoni hadi leo. Lakini angeweza kumwambia mwanawe. Namkasirikia kwa hilo, halafu naona haya kumkasirikia maiti.

Amisi alirudi mvua zilizopita, mgongo umepinda, kifua kinapiga filimbi akipumua. Siku moja tulikaa kando ya uwanja, ambao siku hizi unachezewa tena, tukiwatazama watoto wakimwaga majivu. Nikamwambia yote. Aliufuata mstari wa goli kwa macho mpaka ukakamilika.

“Na ule muhogo wa golini,” aliniuliza, “uliota?”

“Hapana, yaya,” nilimjibu kaka yangu. “Hata mumoja.”

Alikohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja.

“Na Mama alijua kulima,” akasema.

Nilikuwa nimengoja miaka mingi asikike akimsifu Mama kwa jambo lolote. Alilisema hilo mbele yangu na watoto wa watu, na aliyestahili kulisikia tulishamzika.