Fundi wa spika Emali aliyebaki na vidole

Saa mbili unusu asubuhi, na malori yameshajaza vumbi njia panda ya Emali. Ndani ya kibanda cha mabati, Mbithi, mwenye miaka hamsini na minane, amepakata spika. Anagusisha ncha mbili za waya kwenye betri ya tochi, mara moja tu, kisha anaziachilia. Vidole vya mkono wake mwingine vimetua juu ya karatasi ya spika, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Karatasi inaruka kuja nje. "Hii iko sawa!" anasema, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara.

Anapaza sauti kwa sababu hajui tena ni kubwa kiasi gani. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linashika maneno ya karibu tu, na daktari aliyempima mwaka jana hakumzungusha: nalo litakwenda, pengine katika miaka miwili.

Kwa miaka kumi na tisa Mbithi alizunguka na vyombo vya sauti vya mikutano ya injili na vya matanga, kutoka Kathonzweni hadi Kambu, akikaa ubavuni mwa spika zilizomzidi urefu. "Hakuna aliyeniambia nizibe masikio," anasema. "Na angeniambia, ningemcheka. Fundi wa sauti azibe masikio?"

Kazi iliyobaki ni hii ya spika za nyumbani. Kila spika ina upande wa chanya na wa hasi. Ukiunga moja kinyume, inavuta hewa wakati nyingine inasukuma, na besi inapotea. Zamani Mbithi alilijua kosa hilo kabla hajaingia mlangoni kwa mtu.

Pasaka iliyopita lilimponyoka. Alimbadilishia Mutunga, mwenye hoteli jirani, spika moja iliyopasuka. Ile mpya ilikuwa imetiwa kiwandani alama nyekundu, ya chanya, upande usiofaa. Mbithi aliiamini alama, akaunga, akawasha, akadhani anasikia.

"Alirudi siku ileile," anakumbuka. "Akaniuliza mbele ya watu, 'Mzee, hii umetengeneza ama umezika?' Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Swali sikuwa nimelisikia. Niliambiwa jioni na Syokau."

Syokau ni mkewe. Tangu siku hiyo wateja watano au sita wa kila siku wamegeuka wawili au watatu kwa wiki. Nyumbani, wakiombea chakula, Syokau humgusa goti ili ajue wamefika amina.

Leo mteja ni Kanyiva, mjane kutoka Kathonzweni, aliyebeba wufa, mashine yake ya muziki, na maboksi yake mawili ya spika ndani ya gunia. Marehemu mumewe, Muindi, aliimba besi katika kwaya ya kanisa, na sauti yake imebaki kwenye flashi moja tu. Panya walipokula waya za spika, shemeji yake aliunga nyingine, zote nyeusi. Kwaya ikaendelea kuimba, Muindi akapotea.

"Nilidhani flashi imechoka," Kanyiva anasema. Kisha anasogeza mdomo kwenye sikio la kushoto la fundi. "Lakini wanasema wewe husikii."

"Hawajadanganya, mwaitu," Mbithi anamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Wewe unasikia?"

"Mimi nasikia."

"Basi tuko na masikio ya kutosha. Weka hapo."

Anafungua boksi la kwanza, anagusisha waya kwenye betri, ule uliotoka tundu jekundu la wufa ukiwa upande wa chanya, anasikiliza kwa vidole. Karatasi inaruka nje. Waya uliokuwa upande wa chanya wa betri anaufunga uzi mwekundu, mabaki ya kiondo anachosuka Syokau. Kwenye boksi la pili karatasi inazama ndani. Anarudia. Inazama tena. Anageuza waya, inaruka nje, naye anafunga uzi mwingine.

"Shemeji yako aliunga moja mbele, moja nyuma," anasema. "Usimgombeze. Waya za rangi moja zinamshinda hata mwenye macho."

Anaingiza waya zenye uzi kwenye matundu mekundu ya wufa, zote mbili, na kumwachia Kanyiva flashi na swichi.

Kwaya inaanza. Mbithi haangalii mashine, anamwangalia Kanyiva. Ubeti wa kwanza, uso wake haubadiliki. Ubeti wa pili, besi inapoingia, mama huyo anakaa chini kwenye gunia tupu, mkono mdomoni.

Mbithi ameweka kiganja juu ya boksi. "Ni yeye?" anauliza.

Kanyiva anasema kitu, lakini mkono umeficha midomo. Mbithi anainama kumtazama vizuri. "Mwaitu, toa mkono. Ni yeye?"

"Ni yeye."

Mbithi mwenyewe hana ahadi ya dawa. Kifaa cha kusikia alichoandikiwa kinagharimu shilingi elfu tisini, na daktari alimwambia hata hicho kitamsaidia kidogo tu. Mbithi ameacha kukiulizia. Anachopanga ni kupaka upya kibao cha nje kabla ya siku ya soko, na rangi ameshaikoroga. Kitasomeka hivi: FUNDI HASIKII. ANAPIMA KWA MKONO.

Syokau hataki. Anasema watu watacheka.

"Wacheke," Mbithi anasema, akitafuta betri yake chini ya meza. "Lakini waje na spika."