Mtoto Alifanana na Nani

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa ameshakufa, katika ule mwezi wa baridi ambapo ukungu hushuka Nyeri na mlima hauonekani kwa wiki nzima. Nilimshika kwa dakika chache tu. Baada ya mazishi mke wangu alienda kwa mama yake Kangema kupata nguvu, nami nikabaki peke yangu katika nyumba yetu ya Giakanja.

Watu walikuja kunipa pole, lakini pole zote zilikuwa za mke wangu. Anaendeleaje, anakula, mwambie tunamwombea. Niliahidi kumfikishia. Baba yangu alinishauri nirudi kazini upesi, kwa kuwa mikono ikikaa bure mtu huwaza sana. Nikarudi. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule. Nilishona kutoka asubuhi mpaka jioni, na redio nikaizima, maana hata sauti ya mtangazaji ilinichosha.

Muuguzi mmoja alikuwa ameniambia kwamba pale hospitali kuna mshauri nasaha, na akina baba pia hupokelewa. Nilimshukuru bila nia yoyote ya kwenda. Kwetu mambo ya nyumbani hupelekwa kwa mchungaji au hunyamaziwa. Mchungaji nilimwendea, akaniombea vizuri, nikatoka nikiwa vile vile. Tena niliogopa kuonekana kwenye mlango wa yule mshauri, kwa kuwa wazazi wengi wa mji wananijua.

Siku moja mama fulani alimleta binti yake wa chekechea nimpime. Nilipompima mabega, nilisoma tepu mara tatu na bado namba haikuniingia kichwani. Nilimwomba yule mama arudi kesho, nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikaenda hospitali.

Hata hapo niliketi nje karibu saa nzima, na mara mbili nilisimama niondoke. Mshauri mwenyewe, mwanamke mdogo kuliko mimi, ndiye aliyetoka akanikuta na kunikaribisha ndani. Hakunihimiza niseme.

"Mzee," akaniuliza, "mtoto alifanana na nani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Alikuwa na paji la uso la mama yangu," nikasema. Nililia mpaka nikaona aibu, na nikaendelea kulia mpaka aibu yenyewe ikaisha.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mke wangu simu nikamweleza nilikotoka. Nilidhani atakasirika kwamba nimetoa mambo yetu nje.

"Mimi bado sijamwambia mtu yaliyo moyoni," akasema. "Hapa wananiambia tu nitapata mwingine."

Nilimuuliza kama angependa twende pamoja. Akasema hajui, nami sikumsukuma. Wiki iliyofuata nilienda peke yangu, na nyingine tena. Wiki ya nne alirudi kutoka Kangema, akasema twende pamoja. Tulipofika kwenye ule mlango aliniomba nitangulie kuingia.