Sura ya Utulivu

Kwenye msiba wa baba, kule Isansa, sikuweza kukaa. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni kwenye mikeka, mama ameegemea ukuta, hakuna anayeongea. Mimi kila mara nilitoka na simu hadi kwenye mibuni nyuma ya nyumba, mahali pekee mtandao uliposhika, nikijaribu kumtumia msimamizi wangu wa chuo sura ya tasnifu.

Nasomea filamu za katuni za Kichina, zile za zamani zilizochorwa kwa wino. Sura hiyo ilihusu vipande ambamo hakuna kinachosogea: mlima, ukungu, mzee ameketi. Niliandika kwamba mtazamaji asiyeweza kutulia hapo hajaiona filamu.

Shangazi alinifuata mibunini. “Mwanangu, njoo ukae na mama yako.”

“Nakuja, shangazi, ni kazi ya chuo.”

Nilikwenda, nikakaa. Chai yangu haijapoa, nimeshatoka tena.

Baada ya mazishi nilirudi Tunduma. Jibu la msimamizi lilinikuta barabarani, napita kati ya malori: pole kwa msiba, sura ni nzuri, inaonyesha unajua kutulia.

Nilisoma maneno hayo nikitembea.