Bibi wa Masizi Kwenye Televisheni

Enzi zetu pale Rahaleo, Mtwara, televisheni haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mtaa. Mwenye nayo alikuwa jirani yetu Mama Zuhura, na ikishaswaliwa Magharibi watoto tulijipanga mlangoni kwake na miguu iliyooshwa. Hakuwa na mzaha na zulia lake. "Wewe, geuza unyayo nione!" Ukikutwa na vumbi unarudi bombani, na huku nyuma unasikia wimbo wa mwanzo umeshaanza, basi unaosha miguu huku unalia. Ndani kulinukia korosho za kukaanga na mafuta ya nazi ya vichwani mwetu. Umeme wa Mtwara siku hizo ulikuwa ukijiamulia wenyewe, na ukikatika katikati ya mchezo tulikaa gizani kimya tukimwomba Mungu. Watoto wa leo wimbo wa mwanzo wanauruka kwa kidole.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa kuchekesha, wa tajiri mmoja wa Dar es Salaam na vituko vya nyumbani kwake. Kwa miaka mingi nimeusifia mpaka nikawachosha watu. Basi Idi iliyopita mdogo wangu Hamisi akaja kutoka mtaa wa Ufukoni na habari njema: kuna mtu ameupandisha wote mtandaoni. Tukaunganisha simu na televisheni, pilau bado ya moto tumboni, tukakaa na binti yangu Salima katikati yetu.

Salima amepewa jina la bibi yetu mzaa mama. Hakumkuta hai. Tangu ajue kwamba ana somo wake, amekuwa akinisumbua nimwonyeshe uso wa huyo somo, nami sina cha kumwonyesha. Picha za bibi zipo, za harusi za wajomba na za maulidi, lakini katika kila picha ameivuta kanga mpaka chini ya macho. Siku zote nilimwambia Salima kwamba ni haya za kizee.

Dakika za mwanzo nilicheka kama zamani. Tajiri anajificha kabatini akimkimbia mkewe, hiyo bado inachekesha. Mtu akifunga mlango, ukuta wote wa sebule unatikisika, tukazidi kucheka. Kisha akaja mlinzi wa getini, Mmakonde. Kila mlinzi katika michezo ile alikuwa Mmakonde, na kila Mmakonde alikuwa mjinga, akiulizwa chakula anataja panya. Kicheko kikaanza kunikauka. Halafu akaingia mama yake mlinzi, kutoka kijijini, huku kwetu kusini.

Alikuwa mwanamume aliyevalishwa kanga. Usoni wamemchora chale kwa masizi, ovyo ovyo, na juu ya mdomo wamembandika kizibo cha soda kuwa ndonya, lile pambo la mdomoni la bibi wa Kimakonde. Anaingia, anajikwaa, watoto wa tajiri wanapiga yowe "Mchawi!" na kicheko cha kurekodiwa kinafumuka.

Hapo jioni moja ya kwa Mama Zuhura ikanirudia nzima. Bibi alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwake Madimba na kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha tukala na chumvi na pilipili. Mama Zuhura alimpokea kwa heshima, akamtandikia mkeka mbele kabisa. Bibi alikuwa na chale za kweli, mashavuni na kwenye paji la uso. Alichanjwa na fundi alipokuwa mwali, mkaa ukasuguliwa kwenye vidonda vikiwa vibichi, naye akavumilia kwa sababu lilikuwa pambo. "Wajukuu zangu, wachumba waligombana kwa uso huu," alikuwa akituambia, na babu akisikia anakohoa.

Tukiwa tunatafuna ming'oko, akatokea yule wa masizi. Chumba kizima kikaangua kicheko, kisha vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kumtazama bibi. Mtu akasema kutoka dirishani, "Bibi, ndugu yako huyo kaja mjini!"

Bibi naye akacheka. Halafu akaivuta kanga mpaka chini ya macho.

"Mbu wengi," alisema.

Mbu! Kanga ile hakuishusha tena mbele ya watu wa mjini, wala mbele ya mpiga picha yeyote, mpaka tunamzika. Nami miaka yote hii nikawa naita haya za kizee. Nikamkumbusha Hamisi jioni ile, nikamwambia azime, akanishangaa.

"Dada Fatu, unakuza mambo. Zama zile zilikuwa nyingine. Nani aliona vibaya?"

"Bibi aliona."

"Mbona alicheka?"

"Ulitaka afanye nini, Hamisi? Alie, ndani ya nyumba ya watu?"

Hakuzima. Siku hizi watu husema mchezo fulani umezeeka vibaya, kana kwamba ni maziwa yaliyosahauliwa mezani. Sikubali. Mchezo ule ulikuwa mbaya siku ile ile ulipotengenezwa, na walioutengeneza walikuwa watu wazima wenye akili zao. Aliyeandika, aliyeshika kamera, aliyepaka yale masizi, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama Mtwara nako kuna televisheni. Walituona watu wa kuchekwa, hawakutuona watazamaji. Inaniuma, na sitaki kuambiwa nipoe.

Nikaenda kuizima mwenyewe. Salima alikuwa bado ameikazia macho.

"Mama, kumbe somo wangu alikuwa hivyo?"

"Hapana! Hata kidogo!"

"Basi alikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaanza na mashavu. Mistari ilikuwa inapanda kuelekea masikioni, au ilikuwa inashuka? Nikamtazama Hamisi anisaidie, Hamisi akapitisha kidole shavuni mwake, kwanza juu, kisha chini.

Enzi zile mtaa mzima tulikuwa na kioo kimoja cha kutazamia, na uso wa bibi, kila alipokuja, tulikuwa nao nyumbani, tukiamka upo, tukilala upo. Leo kila mtu ana kioo chake mfukoni na unaweza kutafuta chochote duniani ukakiona. Tangu Idi nimekuwa nikifumba macho nimtafute bibi, nipate cha kumwambia mwanangu, na kila mara anayekuja ni yule wa masizi.