Waliouliza Nafanya Kazi Wapi

Kuna watu nawasamehe haraka. Shangazi wa aliyekuwa mchumba wangu hayumo.

Siku ile walipokuja kutoka Bukoba kuniposa, mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika sato, alipika ndizi ili wageni wajisikie kwao, akaazima hadi vikombe. Nilipoitwa sebuleni niliketi nikainamisha macho kama nilivyofundishwa. Shangazi akamaliza kula, akanawa, akauliza, "Haya, na binti anafanya kazi wapi?"

"Hapahapa nyumbani, shangazi. Natengeneza tovuti."

"Nauliza ofisi ipi."

"Sina ofisi. Nimejiajiri."

Akamgeukia mshenga wao. "Kumbe anashinda nyumbani." Wakacheka, samaki wetu wakiwa bado tumboni mwao. Waliaga kwa kusema watatujulisha, na hawakutujulisha. Mchumba mwenyewe akaacha kupokea simu zangu, na baadaye nikasikia ameoa karani wa benki, pale Nyamagana.

Kazi waliyoicheka niliianza kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilifuata masomo ya bure mtandaoni, naandika programu kwa kidole gumba, bando likikata naendelea kwenye karatasi. Nilipopata kompyuta ya mtumba nikajiona fundi, mpaka mteja wa kwanza, mwenye duka la nyavu, aliponiambia oda za wateja wake zinapotea kwenye tovuti niliyomtengenezea. Nilihangaika wiki nzima bila kujua kosa liko wapi. Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni katika chuo kimoja Nyegezi. Ukaidi nilikuwa nao tayari. Chuo kilinionyesha kwa nini vitu vinaharibika. Yule wa duka la nyavu nilimrekebishia, naye akawa ananisifia kwa kila anayeingia dukani kwake.

Lakini mama alivunjika moyo. Tangu siku ya posa akawa anaificha kazi yangu. Jirani akiuliza habari zangu, anajibu, "Bado anatafuta kazi, tuombe Mungu." Nami niko chumba cha pili, naelewana bei na mteja wa Arusha. Iliniuma kuliko kuachwa. Sikumlaumu mama. Deni lote nilimwandikia shangazi.

Mwaka jana akanipigia mwanamume mmoja. Wana nyumba ya wageni kando ya ziwa, wanataka tovuti ya wageni kuwekea nafasi za vyumba, na wameelekezwa kwangu na mwenye duka la nyavu. Nikauliza mwenye mali ni nani. Aliponitajia jina la shangazi, nilipata furaha ambayo siwezi kumweleza padri.

"Mimi napokea wateja nyumbani," nikamwambia. "Na mwenye mali aje mwenyewe." Uongo mtupu. Wateja wote huwa nawafuata mimi.

Jumamosi nikamvalisha mama kitenge chake cha kanisani, nikamketisha kwenye kiti kikubwa. Hakuna nilichopika. Niliweka maji mezani, basi. Dirishani nikamwona shangazi amesimama getini na mshenga yuleyule, anaitazama nyumba. Alikuwa ameshaitambua. Angeweza kugeuka, ila nyumba yake ya wageni ilikuwa tupu, akaingia.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakajibu, kwa sauti ndogo.

Nikawakalisha kwenye kochi lilelile walilokalia siku ya posa. "Karibuni. Mmekuja kwa jambo gani?"

Mshenga ni mtu wa mazoea. Ukimuuliza swali hilo ulimi wake unajiendea wenyewe. "Tumesikia nyumba hii ina binti hodari," akaanza, "tukasema tuje kuomba." Kisha akagundua kuwa hayo ni maneno ya posa, akakatiza. Shangazi alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwacha aviangalie.

"Mwambieni mama," nikasema. "Mwenye nyumba ni yeye."

Ikabidi shangazi amgeukie mama. "Mama, binti yako anasifiwa kila tunakopita. Tunaomba atufanyie kazi."

Mpango wangu ulikuwa niwaaibishe kwanza, kisha nikubali. Kazi nilikuwa naitaka. Ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuitiwa, na ukurasa wa mbele nilikuwa nimeshauchora. Nikafungua kinywa niwaambie tuanze Jumatatu. Mama akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwanangu ana kazi nyingi," akasema. "Nendeni mjini, huko kuna wenye ofisi."

Akainuka, akawafungulia mlango. Nilibaki naitazama kazi yangu inatoka na wale wazee.

Mama aliwasindikiza mpaka getini, akafunga. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza wageni wale ni akina nani.

"Wateja wa mwanangu," mama akajibu. "Tumewakataa."