Kamera Ilipiga Harusi Nzima Hewa

Harusi ya Virginia nilipiga kutoka kanisa mpaka keki. Haikubaki picha hata moja.

Hiyo ilikuwa 2008, Kitengela. Nilikuwa nimeacha filamu, nikanunua kamera ya digital, ile SLR ya bei ya chini, ya kuanzia. Lennox aliniuzia akiapa, "Buda, kila kitu iko ndani."

Wacha niseme ukweli kuhusu hiyo takataka. Mwili plastiki, nyepesi kama sahani ya mtoto. Ndani ya kanisa inatafuta focus kama mlevi anatafuta kitasa. Na flash yake inafanya bibi harusi akae kama mtu ameshikwa na polisi.

Lakini ukipiga, picha inatokea hapo hapo kwa screen. Wageni walinizunguka kama mimi ndio keki.

Sasa babake Virginia, Mzee Macharia, alikuwa hamsalimii msichana wake juu alichagua kuolewa na Okoth. Siku hiyo akatoka Kajiado, akakuja, akakubali picha moja na Virginia. Nikapiga. Ikatokea, wakaiangalia wote wawili, Virginia akalia.

Baadaye mzee akanifuata. "Nionyeshe tena ile yetu."

Nikafinya kitufe. Screen giza.

"Iko ndani mzee, usijali."

Akaniangalia vibaya, akachukua kofia, akaenda. Keki hakuonja. Watu wakasema, si mnaona madharau yake.

Jumatatu nikapelekea Njogu wa studio kamera anitolee picha. Akafungua kamlango ya kando.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Ya kuweka picha, wewe."

"Si zinakaa ndani, kama simu?"

"Ndani ya nini? Hii bila kadi inakuonyesha picha kidogo tu, halafu inatupa."

Manze. Sasa si ingekataa kupiga basi? Lennox naye hashiki simu yangu mpaka wa leo.

Nikaenda kumwambia Virginia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Za keki sijali. Nataka ile ya mimi na baba. Enda umwambie arudi, na mdomo yako."

Nikampata mzee kwake Kajiado akikaza waya za fence.

"Mzee, picha hazikutoka."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Nyinyi wapiga picha nawajua kutoka zamani. Mtu hamumtaki, mnamuwashia flash na ndani hakuna filamu. Mnampiga hewa. Ni Virginia alikutuma?"

Hapo ndio nikajua kwa nini hakula.

"Mzee, hakuna mtu aliponea. Pastor, hewa. Wasimamizi, hewa. Bwana harusi, hewa."

Akaachilia waya.

"Hata Okoth?"

"Hata Okoth."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Akapanguza macho.

"Waambie wakuje Jumapili, wote wawili. Na wewe beba ya filamu. Hiyo uchafu usiniletee hapa."

Ukinunua digital, angalia kadi kabla uite watu wasimame karibu. Na mtu akitoka kwa sherehe na njaa, usikimbilie kusema ana madharau. Muulize ameona nini.